Waranti mwaka mmoja, friji limekufa mwezi wa nne. Wauzaji wabanwe au tujibane wenyewe?

MamaTatu_Mbagala: Wakuu habari za jioni. Nilinunua friji Kariakoo laki sita na nusu, jipya kabisa kwenye boksi, kadi ya waranti mwaka mmoja. Mwezi wa nne likaacha kugandisha, linaunguruma usiku kucha kama trekta ila maji yanatoka ya uvuguvugu. Nikalirudisha dukani wakakaa nalo wiki tano, mara fundi kasafiri, mara spea ipo njiani, mwisho simu hawapokei. Nimewafuata leo naambiwa waranti imekufa kwa sababu siku nanunua nililibeba limelala kwenye guta. Miezi minne limegandisha vizuri, leo ndo wanakumbuka guta! Mimi nauliza, kwa nini serikali isiwabane hawa watu, kitu kikifa ndani ya waranti wakibadilishe au warudishe hela basi?

Kisiki_cha_Mpingo: Dada ulililaza friji?

MamaTatu_Mbagala: Kaka nimeandika mistari yote hiyo wewe umeona guta tu?

Kisiki_cha_Mpingo: Nimeuliza tu jamani. Friji halilazwi, hata mtoto anajua.

fundi_baridi: Mimi fundi friji mwaka wa 11 huu. Ukililaza, oili ya kompresa inaingia kwenye mabomba, ukifika nyumbani ukachomeka hapohapo unaweza kuiua kompresa. Linasimamishwa masaa kadhaa kwanza oili irudi chini. Ila shosti, lingekuwa limekufa kwa guta lingekufa siku zile zile, sio mwezi wa nne. Linaunguruma bila kuzima na baridi hamna, mara nyingi hapo gesi imevuja. Duka wanakuzingua.

Ndugu_Mlipakodi: Asante fundi, ila na nyie msijifanye malaika. Gesi ikiisha mnajaza tu mnachukua elfu sitini, pa kuvuja hamtafuti, baada ya wiki mbili narudi kwako na elfu sitini nyingine. Langu limejazwa mara tatu!! Gesi ya friji sio ya kupikia kwamba inatumika inaisha, kama imeisha kuna tundu.

fundi_baridi: Wewe uliyejazwa mara tatu si ulikuwa unamwita huyo huyo wa bei chee? Mimi nikikwambia tutafute tundu, tubadilishe filta, tuvute vakyumu hewa yote itoke kwenye mabomba, unasema fundi una tamaa. Halafu friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi aina ya R600a, hiyo inapimwa kwa mizani, gramu chache tu, na inashika moto. Ukimwita wa elfu ishirini anakuwekea gesi nyingine, R134a, kwa kusikilizia na sikio, mkimaliza mnakuja kututukana huku.

Ndugu_Mlipakodi: Kusikilizia na sikio hahaha. Lakini nani alikutukana wewe? Umejistukia.

Bi_Sheria: Turudi kwenye mada. Sheria ipo jamani, ya mauzo ya bidhaa ipo tangu mkoloni, kitu kiwe kinafaa kwa kazi uliyokinunulia. Na kuna ile ya ushindani ya 2003, Tume ya Ushindani wanapokea malalamiko ya walaji. Peleka kadi ya waranti na risiti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unayo mama?

MamaTatu_Mbagala: Walinipa ya kuandika kwa mkono.

Ndugu_Mlipakodi: Eheeee! Kumbe. Ukiuza toa risiti, ukinunua DAI risiti. Ulipunguziwa shilingi ngapi ukubali ya mkono? Mnakwepa kodi pamoja halafu mambo yakiharibika mnaikumbuka serikali.

MamaTatu_Mbagala: Wee kaka niheshimu. Niliambiwa mashine haina mtandao nipitie kesho. Nina watoto watatu na genge la kuangalia, nipande daladala mbili kufuata karatasi? Na hata hiyo ya mkono ina muhuri wa duka.

Bi_Sheria: Muhuri na kadi ya waranti sio bure, nenda navyo tu. Huyo msimjibu.

Kisiki_cha_Mpingo: Mimi ndo maana nanunua used ya Ulaya. Langu mwaka wa 9, halijawahi kumuona fundi.

fundi_baridi: Na luku je? Hiyo mizee inakula umeme balaa. Friji gadi, kile cha kulikinga umeme ukiyumba, umefunga?

Kisiki_cha_Mpingo: Luku yangu inakuhusu nini? Wewe si ndo unaweka gesi kwa sikio.

fundi_baridi: Nimesema WENGINE. Soma uelewe mzee.

Juma_wa_Guta: Nimechelewa uzi ila nimeona guta limetajwa mara nyingi kama sisi ndo tumetengeneza hilo friji. Sisi tunabeba mnavyotaka. Mteja anasema lilaze nisilipie mara mbili, waya wa umeme uko chini, tunalilaza. Mara ngapi nimeshauri lisimame tulifunge kamba naambiwa wewe endesha tu.

Kisiki_cha_Mpingo: Si nilisema mimi tangu mwanzo?

MamaTatu_Mbagala: Ulisema nini sasa. Hakuna hata mmoja kasema wabanwe au wasibanwe. Haya Juma, Jumatatu nalichukua pale dukani nilipeleke kwa fundi mwingine, likiwa limesimama, mpaka Rangi Tatu unafanya ngapi?

Juma_wa_Guta: Limesimama elfu ishirini na tano.

MamaTatu_Mbagala: Na likilala?