Kikosi cha ndege cha Mafia, 1915: kilisaidiaje kuipiga Königsberg?

Msomaji_Pwani:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilijichimbia kwenye delta ya Rufiji baada ya kuizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, bandarini Unguja, 20 Septemba 1914. Ndege ya kwanza ya Waingereza iliruka kuitafuta Novemba mwaka huohuo, lakini meli ilikuja kumalizwa Julai 1915. Nini kilikwamisha muda wote huo? Na siku ya mwisho ndege zilifanya kazi gani hasa, zilidondosha mabomu? Halafu, hawa ndio skwadroni ya 26 inayotajwa kwenye mapigano ya upande wa Kilimanjaro?

Fundi_Propela:
Mkuu, kabla ya Mjerumani kulikuwa na joto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo injini inavuta hewa pungufu na nguvu inashuka, propela inakosa cha kukamata, na bawa halibebi kama linavyobeba kwenye baridi ya Ulaya. Hasara tatu kwa mpigo. Ndege ya kuelea inaumia zaidi, kwa sababu lazima kwanza ijinasue majini, na hapo ndipo inapohitaji nguvu yote iliyonayo.

Tazama mfululizo wake. Novemba 1914 alikuja Cutler, rubani wa kiraia kutoka Durban, na ndege yake aina ya Curtiss, akaruka kutoka kisiwa cha Nyororo. Rejeta ikamharibikia, ikabidi itafutwe ya gari la Ford Mombasa ndiyo ifungwe. Ndiye aliyeiona meli kwa mara ya kwanza kutoka angani, ila Desemba injini ilimlazimisha kutua deltani akatekwa. Februari 1915 zikaja ndege mbili za kuelea aina ya Sopwith, za injini ya Gnome, nguvu za farasi 100. Ukipakia mtazamaji na mabomu, haziondoki majini. Unyevu nao ukafungua gundi kwenye maungio ya mbao. Aprili zikaja Short tatu kuukuu. Hizo zilileta picha nzuri za meli, lakini zilipanda futi mia chache tu, yaani ndani ya masafa ya bunduki za kawaida.

Mambo yalibadilika Juni. Waingereza walikuwa wameichukua Mafia tangu Januari, wakafyeka kiwanja hapo, zikaletwa Caudron mbili na Henri Farman mbili, zote za magurudumu. Bila maboya ya kuelelea majini uzito umepungua, ndege inapanda. Bei yake ni kwamba unavuka mkondo wa bahari kwa ndege isiyoweza kutua majini, na injini za wakati ule zilikuwa zinazima ovyo.

Shabaha_Rufiji:
Naongezea upande wa mizinga, maana mabomu hayakuimaliza ile meli. Kazi kubwa ya ndege ilikuwa macho. Severn na Mersey zilikuwa manowari za mtoni za Waingereza, zisizozama kina kirefu, kila moja na mizinga miwili ya inchi 6. Ziliingia mlango wa Kikunja zikapiga kutoka kama kilomita 9 au 10, mikoko ikiwa katikati. Mpigaji haoni chochote. Mtazamaji wa ndani ya ndege anaangalia kombora limeangukia wapi, kisha anatuma kwa simu ya upepo: limepita, limepungua, kulia, kushoto.

Tarehe 6 Julai walikosea jambo moja lililowagharimu siku nzima: meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Kombora linakaa hewani zaidi ya sekunde 20, kwa hiyo mtazamaji akiona maji yanaruka hajui ni la nani. Anasahihisha Severn, kumbe lililoanguka ni la Mersey. Mengine yaliingia kwenye tope na mikoko yasionekane kabisa. Makombora zaidi ya 600, yaliyopata ni machache mno. Wajerumani nao walikuwa na watazamaji wao msituni waliounganishwa kwa simu, wakaipiga Mersey vibaya na mzinga wake wa mbele ukanyamaza.

Tarehe 11 wakapiga kwa zamu, meli moja moja. Severn ikashika shabaha baada ya mipigo michache. Farman ya Cull (rubani) na Arnold (mtazamaji) ikapigwa, injini ikafa. Cull akawa anaishusha taratibu kuelekea kwa Mersey, na Arnold, badala ya kujiandaa kuanguka, akaendelea kutuma masahihisho. Waliangukia mtoni wakaokolewa na mashua ya Mersey. Kwangu, zile dakika za kushuka ndizo zilizoamua vita. Königsberg iliwaka, nahodha wake Looff akaamuru ilipuliwe.

Msomaji_Pwani:
Kumbe! Na mizinga yake?

Shabaha_Rufiji:
Yote kumi, ya sentimita 10.5, Wajerumani waliiopoa na kuitumia nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi yao Afrika Mashariki. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa.

Fundi_Propela:
Kuhusu skwadroni ya 26: hapana, usiwachanganye. Wa Mafia walikuwa wa jeshi la majini. Ya 26 ilikuwa ya jeshi la nchi kavu, iliundwa Oktoba 1915 huko Netheravon, Uingereza, wengi wao Waafrika Kusini. Walishuka Mombasa 31 Januari 1916, wakaenda Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, na ndege aina ya BE2c pamoja na Farman za kiunzi cha chuma. Chuma kilifaa kwa sababu hakipindi kwa jua wala unyevu. Shida yao ilikuwa nyingine: askari wakiingia chini ya miti, aliye juu haoni mtu.