Excel, Sheets au LibreOffice: ipi salama kwa hesabu za kikoba umeme ukikatika?

mwekahazina_2: Wakuu, hesabu za kikoba chetu ziko Excel 2016, kompyuta ya mezani, haina UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika naingiza marejesho, kazi inapotea. Nihamie Google Sheets? Bando langu la kuunga unga.

fundi_wa_mtaa: Mkuu, anza na ulichonacho. File > Options > Save, AutoRecover (nakala ya dharura ya Excel) huwa kila dakika 10, ishushe iwe 2. Ila hiyo ni ya ajali tu: ukihifadhi na kufunga faili kawaida, nakala yake inafutwa. AutoSave, ya kujihifadhi papo hapo, inataka OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) na Excel mpya kuliko yako, isahau.

binti_hesabu: Mimi Sheets, sirudi nyuma. Ukibofya kulia kwenye seli unaona nani kaibadili na mwanzo ilisomekaje. Mwanachama akisema "mbona nililipa", mnafungua pamoja, kelele zinaisha. Bila mtandao inafanya kazi kwenye Chrome, lakini uwe umewasha offline mapema.

fundi_wa_mtaa: Kweli dada, ila Sheets kujihifadhi yenyewe kuna ubaya wake. Wengi hufungua faili la Machi, wanafuta tarakimu ili waanze Aprili. Hapo Machi inafutika papo hapo. Historia ya matoleo itakuokoa, sawa, ila tengeneza nakala kwanza ndipo uguse.

calc_bure: LibreOffice hailipiwi. Tools > Options > Load/Save > General, weka tiki kwenye backup copy. Kila ukihifadhi, toleo lililotangulia linabaki kama faili la .bak. Excel nayo inayo, wameificha tu: Save As > Tools > General Options, inatoa faili la .xlk. Inafaa ukihifadhi makosa. Mashine ikiibiwa, imeondoka nayo.

mwekahazina_2: Basi na flashi kila baada ya kikao?

calc_bure: Flashi ndiyo, lakini ichomoe. Ikibaki imechomekwa, virusi vya kufunga mafaili vinaifunga nayo. Na usiandike juu ya nakala ya zamani, weka tarehe kwenye jina: kikoba_2025-03-29.

binti_hesabu: Pandisha na Google Drive, faili moja halimalizi bando. Ukilifuta kimakosa linakaa kwenye takataka siku 30.

mwekahazina_2: Nabaki Excel basi: dakika 2, .xlk, flashi, Drive siku ya kikao. UPS nitaipeleka mkutanoni, wachange.

fundi_wa_mtaa: Na Ctrl+S kila ukimaliza mtu mmoja, mkuu. Hiyo haina bei.