Sesheni ikatike baada ya dakika ngapi?

Fundi_Ngamiani: Wakuu, nina programu ya mauzo kwenye duka la jumla hapa Ngamiani, Tanga. Nimeiandika kwa Java, na Jetty, seva ya wavuti, imo humohumo ndani. Nimeandika setMaxInactiveInterval(30), mtu akikaa nusu saa bila kugusa kitu sesheni yake ikatike, yaani atolewe. Sasa karani akigeuka kuhesabu katoni za sabuni, akirudi anaulizwa nywila. Tajiri anataka mtu asitolewe kabisa, asubuhi mpaka jioni. Mnasemaje?

BintiChumbageni: Atolewe. Karani akienda kuswali adhuhuri, mbeba mizigo anauza kwa jina lake. Jioni hesabu ikipungua utamshika nani?

Mpitanjia: Dakika tano. Ingawa kwa usingizi wenu watu wa Tanga, hata tano chache.

Fundi_Ngamiani: Usingizi wa nani? Wewe umeshuka basi juzi, hata Raskazone hujafika.

DamuYaCoastal: Hawa wanaosinzia ndio Coastal Union, bingwa wa ligi 1986. Kwenu mlibeba nini?

Kimanumanu: 1988 yakhe! Kombe lenu wenyewe mnalikosea mwaka.

DamuYaCoastal: 86, 88, lilikuja Tanga au halikuja? Mtu wa African Sports anifundishe mimi historia?

MzeeKaratasi: Vijana, ile 30 ni SEKUNDE. Dakika ni kwenye session-timeout ya web.xml, lile faili la mipangilio. Kwenye kodi ya Java andika 1800. Na sesheni usipoihifadhi popote inakaa kwenye kumbukumbu tu, umeme ukikatika wote nje.

Mpitanjia: Sikusema wote wanasinzia.

BintiChumbageni: Umesema “watu wa Tanga”. Mimi ni mtu wa wapi, Bagamoyo?

Fundi_Ngamiani: Shikamoo mzee. Hizo sesheni, umeme usizifute, nizitunze kwenye databesi?

MzeeKaratasi: Marahaba. Makarani watatu, databesi ya nini? FileSessionDataStore, faili kwenye diski, basi.

BintiChumbageni: Faili halizuii mbeba mizigo kuuza. Nusu saa bado ni ndefu, mnanikwepa.

Kimanumanu: Dada, tajiri akiwaamini makarani wake, sisi tunaumwa na nini?

BintiChumbageni: Wewe umewahi kukatwa mshahara kwa hesabu ya mtu mwingine? Mimi nimewahi.

Fundi_Ngamiani: Nimeweka 1800, imetulia. Nimemweleza tajiri. Sasa anataka nimtolee orodha ya kila aliyekaa nusu saa bila kuuza.

Mpitanjia: Si nilisema?