DSM za droni na vigae vya Copernicus: gdal_merge inagoma

mpima_wa_juja
Wadau, nina DSM (ramani za vimo vya uso wa ardhi, pamoja na miti na majengo) mbili za droni, Ruiru na Juja hapa Kenya, pikseli sentimita 5, EPSG:32737 (viwianishi vya UTM, kwa mita). Pembeni nataka kujazia vigae viwili vya Copernicus GLO-30 (vimo vya satelaiti, pikseli kama mita 30), E036 na E037. Ni kazi ya mifereji ya maji ya mvua. Natumia GDAL, zana za kuchakata data za ramani:

`gdal_merge.py -o yote.tif *.tif`

Inagoma, ati faili ni kubwa mno. Za droni pekee zinaungana, ila Juja inaifunika Ruiru kwa ukanda mweusi.

rasta254
gdal_merge haibadilishi mfumo wa viwianishi, inachukua namba za kona zilivyo. Kigae kiko kwa digrii (36, -2), Ruiru iko kwa mita (kama 273000, 9873000). Inajaribu kuchora rasta (picha ya pikseli) moja toka huku hadi kule, tena kwa pikseli ya faili ya kwanza, ambayo kwa `*.tif` ni Copernicus: 0.00028. Diski gani itabeba hiyo?

Ukanda mweusi ni nodata, yaani namba ya pikseli zisizo na data, -32767 kwa kawaida. Hakikisha kwa gdalinfo. Faili ya mwisho hukaa juu, na bila `-n -32767` nodata inahesabiwa kama kimo halali.

Achana na merge. Kwanza weka zote kwenye viwianishi vya aina moja na pikseli ya mita 1:

`gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -te 268000 9866000 288000 9884000 -tr 1 1 -r bilinear Copernicus*.tif chini.tif`
`gdalwarp -tr 1 1 -tap -r average ruiru.tif ruiru_1m.tif`

Juja vivyo hivyo, kisha ziunganishe:

`gdalbuildvrt yote.vrt chini.tif ruiru_1m.tif juja_1m.tif`
`gdal_translate -co COMPRESS=DEFLATE -co PREDICTOR=3 -co TILED=YES yote.vrt yote.tif`

VRT ni faili ndogo inayoelekeza tu kwenye faili zako, kwa hivyo usizihamishe kabla ya translate.

mama_ramani
Kabla ya buildvrt, linganisha vimo. Copernicus inapima kutoka jioidi ya EGM2008 (uso unaokadiria usawa wa bahari). Droni ya RTK (yenye GPS ya usahihi mkubwa) mara nyingi hutoa kimo cha elipsoidi (umbo laini la dunia la kihesabu). Huku kwetu jioidi iko chini ya elipsoidi, basi droni itaonekana imezama zaidi ya mita 10, na maji yote yatakimbilia humo.

`gdallocationinfo -valonly -wgs84 juja_1m.tif 37.01 -1.10`

Rudia kwa chini.tif. Chagua lami au uwanja wazi, usiguse miti wala paa: Copernicus ni data ya 2011 hadi 2015, na ploti nyingi za huko zilikuwa tupu.

mpima_wa_juja
Tofauti ni mita 14 na ushee kwenye pointi zote sita. Ni elipsoidi.

mama_ramani
Basi ondoa N ya jioidi (kimo cha jioidi kutoka elipsoidi) kwenye vimo vya droni kwa gdal_calc.py. N ni hasi, kwa hivyo kimo kitapanda. Usitumie huo wastani wako wa pointi sita, Copernicus yenyewe hukosea mita kadhaa.