Modeli ya F-16 ya manowari (meli ya kubeba ndege), skeli 1/72: miguu, mbawa na rangi gani ili ionekane ya kweli?

kijivu_tatu:
Habari wadau. Nina seti ya F-16A ya 1/72 iko kabatini siku nyingi na sitaki kuijenga kama ilivyo kwenye boksi, kijivu juu kijivu chini basi. Nataka niifanye ya kubuni: vipi kama wanamaji wa Marekani wangeichukua hii badala ya F-18? Na si ndoto sana, maana Januari 1975 jeshi la anga lilichagua YF-16, kampuni ya Vought pamoja na General Dynamics waliounda YF-16 wakapeleka kwa wanamaji mchoro wa F-16 ya kutua manowarini, ule waliouita Model 1600, ila Mei mwaka huohuo wanamaji wakaenda na ya McDonnell Douglas na Northrop, yaani mtoto wa YF-17 iliyoshindwa kule kwa jeshi la anga. Kwa hiyo mi najenga ile iliyokosa kazi.

Nilivyopanga: kulabu kubwa nyuma, mbawa zikunjwe, rangi ya zamani kijivu juu nyeupe tumboni, mkia uwe na mbwembwe zote. Sasa naombeni ushauri, ni nini kingine lazima kibadilike ili mtu anayejua asicheke, na hiyo nyeupe naipigaje bila kuganda ganda? Nina eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi) ya kawaida tu.

plastikadi:
Safi sana mkuu. Mi ningeacha kulabu na mkia kwanza, nianze na miguu, maana hapo ndipo modeli za kubuni za manowari zinapojulikana ni za kubandika tu. Ndege ya manowari haishuki taratibu kama ya uwanjani, rubani hainui pua kulainisha, anaigonga sitaha hivyohivyo ili kulabu ishike waya. Waingereza waliona cha moto na Seafire, ambayo ni Spitfire iliyopelekwa baharini na miguu yake ileile myembamba iliyokaribiana, Salerno, Italia, mwaka 1943 wakapoteza nyingi kwa ajali za kutua tu. Sasa angalia miguu ya F-16 uniambie.

Wa mbele ndio kazi. F-16 ina tairi moja mbele, na ya manowari inahitaji tairi mbili na ule mkono wa kunasa kwenye mtambo wa kurushia, kwa sababu ndege nzima inavutwa kwa mguu huo. Chukua mguu wa mbele wa A-7 Corsair, ndege ya manowari, seti za 1/72 zipo nyingi, na inaingia akilini kabisa kwa sababu A-7 nayo ni ya Vought, fundi wa pale angeanzia na kitu kilichoko stoo kwake.

Lakini kuna mtego. Mguu wa mbele wa F-16 ukikunjwa unarudi nyuma na tairi linageuka nyuzi 90 lilale chali chini ya njia ya hewa, nafasi ni finyu mno pale. Tairi mbili hazilali hivyo. Kwa hiyo ukiweka mbili lazima uonyeshe zinaingia wapi, tengeneza milango yenye uvimbe kidogo kwa plastikadi (karatasi ngumu ya plastiki) ya 0.5 mm, pasha moto uikunje, au ushushe tumbo la ile njia ya hewa kwa puti. Watu wengi hawatagundua ila yule mmoja anayegundua ndiye anayekaa mbele ya meza yako dakika kumi.

Miguu ya nyuma iongeze unene kwa kipande cha fremu ya plastiki kilichovutwa kwa moto, na irefushe kiasi. Usirefushe sana itaonekana korongo.

kijivu_tatu:
Aisee hilo la tairi kulala sikuliwaza kabisa. A-7 ninayo, ilivunjika kioo cha rubani kwa hiyo haina kazi nyingine. Na kulabu ya A-7 nayo nichukue?

plastikadi:
Chukua. F-16 ina kulabu tayari ila ni ya dharura uwanjani, nyembamba, haikutengenezwa kwa kushika waya kila siku. Ipige milia nyeusi na nyeupe, hiyo peke yake inamwambia mtu hii ni ya baharini.

msasa_600:
Mi napinga hizo mbawa za kukunjwa. Sio kwamba haiwezekani, ila angalia bawa la F-16 nyuma, ile flaperoni (kipande cha nyuma ya bawa kinachopanda na kushuka) inachukua sehemu kubwa ya ukingo. Ukikata ndani unaikata flaperoni vipande viwili na inabidi ueleze mitambo yake inapita wapi, ukikata nje yake unabaki na kincha cha bawa ambacho ukikikunja hujaokoa nafasi yoyote kwenye ghala la chini. Afu bawa lenyewe ni jembamba, ile bawaba utaichonga wapi.

A-4 Skyhawk haikukunja mbawa na ilikaa manowarini miaka na miaka. Ed Heinemann, mbunifu wake, aliifanya ndogo makusudi, mita 8.38 kutoka ncha hadi ncha, ili akwepe uzito wa bawaba. F-16 ni kama mita 9.5 bila makombora. Sio mbali sana. Kwa hiyo waweza kusema wanamaji walimeza hiyo mita moja, hadithi inakubalika, na wewe unaokoa wiki ya kupiga msasa.

plastikadi:
Hapo @msasa_600 hatukubaliani. F-18 ni pana zaidi na inakunja, na maafisa wa sitaha wanataka nafasi kila sentimita. Ila nakubali kwamba kukata flaperoni ni kero. Mwenyewe achague, bawa likikaa wazi hakuna atakayelalamika.

mwewe_mweupe:
Wakuu mnajua wanamaji walikuwa na F-16 kweli? F-16N, ziliruka kuanzia 1987, jumla 26, za kuigiza adui kwenye mazoezi ya marubani. Hazikuwa na mzinga wala kifaa chochote cha manowari, zinatua nchi kavu tu. Zilipelekwa mchakamchaka mpaka zikaanza kupata nyufa, katikati ya miaka ya 90 zikastaafishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia F-16 ya wanamaji haipo, unayo jibu.

Ila swali lako hasa ni rangi, na mi nasema kabla hujafungua kopo amua MWAKA. Hili ndilo watu wanaruka. Kijivu juu na nyeupe chini ilianza 1955, ni FS (namba za rangi za kiwango cha Marekani) 36440 juu na 17875 chini. 1977 wakaruhusu kijivu hichohicho lakini cha kung'aa mwili mzima, 16440. Miaka ya 80 mwanzoni ikaja ile kijivu hafifu isiyoonekana, 36320 na 36375, alama nazo zikawa za kijivu. Sasa ndege iliyochaguliwa 1975 ingefika kwenye vikosi lini? F-18 yenyewe iliruka mara ya kwanza Novemba 1978 na ikafika vikosini miaka ya 80. Kwa hiyo nyeupe tumboni imekupita kidogo.

Njia ni mbili. Ama useme walikimbiza mradi ikafika 1979, upige 16440 mwili mzima na mkia wenye rangi, hii kwangu ndiyo nzuri kuliko zote, na nyepesi. Ama ujenge ndege ya majaribio, hizo zilikuwa na uhuru, F-18 ya kwanza ilikuwa nyeupe yenye bluu na dhahabu.

kijivu_tatu:
Mmh. Moyo wangu uko kwenye nyeupe tumboni kusema ukweli. Kama nikisema mradi ulianza mapema zaidi, 1972 hivi, nani atanikamata?

mwewe_mweupe:
Hakuna, ni yako 😂 ila basi ifuate sheria zake zote. Ile skimu ina mambo ambayo watu husahau. Sehemu zinazochezacheza juu ya bawa, yaani flaperoni na flapu, zinakuwa nyeupe hata kwa juu, na usukani wa mkia pia. Vyumba vya miguu ndani nyeupe, kingo za milango ya miguu nyekundu. Mdomo wa kuvuta hewa ndani nyeupe na kwa F-16 mdomo uko wazi kama pango, mshono wote wa ndani utaonekana, ujaze puti kabla hujafunga mwili.

Kuhusu kuipiga: nyeupe KWANZA, kijivu baadaye, kwa sababu kijivu inafunika nyeupe bila shida ila nyeupe juu ya kijivu utapiga mpaka mistari ya paneli izibe. Praima iwe nyeupe au kijivu hafifu. Thina iwe nyingi kuliko ulivyozoea, presha ndogo, tabaka jembamba lisilofunika, subiri, lingine, subiri. Ule mgando unaousema unatokana na rangi kukaukia hewani kabla haijafika, sogea karibu na ongeza kizuizi cha kukauka kama ni akriliki. Ikishakauka kabisa, na nasema kabisa, sio ya kugusa tu, ndio uweke maskin tepu.

Na usitie uchafu mweusi kwenye mistari ya tumbo jeupe, inakuwa katuni. Kijivu ya udongo iliyochujwa sana inatosha. Enzi hizo walizifuta futa, madoadoa ya kupaka paka kwa brashi kuzuia kutu ni ya skimu ya kijivu hafifu ya baadaye.

msasa_600:
Namba za puani pia. Kikosi cha kwanza cha manowari ni mia moja na kitu, rangi nyekundu, mia mbili njano, mia tatu bluu, mia nne chungwa. Herufi mbili za mkiani zinaanza na A kama ni Atlantiki, N kama ni Pasifiki. Ukichanganya 304 na mkia mwekundu sio dhambi ila mtu atauliza.

kijivu_tatu:
Basi nimeamua, mbawa hazikunjwi, mguu wa A-7, nyeupe tumboni, namba za mia tatu na mkia wa bluu. Dekali (alama za kubandika) za ile A-7 zitakaa au ni kubwa?

mwewe_mweupe:
Namba zitakaa, herufi za mkia pima kwa karatasi kwanza maana usukani wa F-16 unaanza karibu. Piga vanishi ya kung'aa kabla ya dekali, kote. Mwishoni rudi na vanishi isiyong'aa juu tu, kwenye kijivu. Ile 3 mwanzoni mwa 36440 maana yake haing'ai, na 1 ya 17875 inang'aa, kwa hiyo tumbo liache liwake. Ziba tumbo kwa tepu kabla ya hiyo vanishi ya pili, vumbi lake linafika mbali.