Fowadi au opsheni? Ankara ya dola 80,000, na mkopo juu yake

Mwagizaji_Msa: Wakuu, naomba ushauri. Naingiza vipuri vya majokofu hapa Mombasa. Nina ankara ya dola 80,000, nalipa baada ya siku 90. Nina pia mkopo wa dola 600,000 ambao riba yake inafuata SOFR, yaani riba ya rejea ya mikopo ya dola, inayopanda na kushuka pamoja na riba ya benki kuu ya Marekani. Kwa ankara, benki inanipa fowadi (nafunga leo bei ya dola nitakazonunua siku ya kulipa) au opsheni (nalipa ada nipate haki ya kuzinunua kwa bei tuliyokubaliana). Ipi afadhali?

Kibaha77: Mkuu, fowadi hulipii ada mwanzoni, ila inakufunga. Na usidhani bei yake ni utabiri wa benki. Inatokana na bei ya leo na tofauti ya riba za sarafu mbili. Chukulia dola leo ni 129, riba ya shilingi 9% kwa mwaka, ya dola 4%. Fowadi ya siku 90 inatoka karibu 130.60, kabla benki haijaweka faida yake. Ukitajiwa 134, bishana nao.

Mama_Jumla: Niseme yaliyonipata. Januari 2024 dola ilipita 160. Niliogopa, nikafunga dola 50,000 kwa 163. Februari serikali ikauza Eurobondi mpya (hati ya kukopa dola nje) ili ilipe ile iliyokuwa inaiva Juni, shilingi ikapata nguvu, na siku yangu ya kulipa ilipofika Aprili dola ilikuwa karibu 132. Nilitoa takriban milioni 1.5 zaidi ya aliyenunua siku hiyo. Kilichoniuma hasa ni sokoni: wenzangu walishusha bei, mimi gharama yangu ilikuwa imeshafungwa. Fowadi sijaiacha, lakini sasa nafunga nusu ya ankara tu.

Kibaha77: Pole sana mama. Hapo ndipo opsheni ingekufaa. Ni haki ya kununua, si lazima: dola ikishuka unaiacha na kununua kwa bei ya siku. Tatizo ni ada. Ikiwa 2%, kwa ankara ya ndugu yetu ni kama shilingi 206,000, na hairudi. Mimi huichukua pale ambapo sina hakika kama oda yenyewe itathibitishwa.

Hesabu_Kwanza: Mbona mkopo mmeuruka? Hatari kubwa iko huko. Machi 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri, Julai 2023 ikafika 5.25–5.50%. Kwa dola 600,000, asilimia 5 ni dola 30,000 kila mwaka. Swopu, yaani mkataba wa kubadilishana riba na benki, ingekuwezesha kulipa riba isiyobadilika, nao wakulipe inayopanda na kushuka. Lakini ndugu, mapato yako ni ya sarafu gani?

Mwagizaji_Msa: Shilingi, isipokuwa hoteli chache za Diani zinazonilipa dola. Hizo huwa nazibadilisha mara moja.

Hesabu_Kwanza: Basi acha kuzibadilisha! Unauza dola kwa bei ya chini, kisha unazinunua tena kwa bei ya juu. Ziweke kwenye akaunti ya dola, zilipe ankara, na fowadi iwe ya pengo linalobaki. Swopu ya riba haitakusaidia shilingi ikianguka, kwa sababu deni lenyewe linabaki la dola. Omba bei ya kuligeuza liwe la shilingi.

Mama_Jumla: Na kabla ya kusaini swopu yoyote, uliza gharama ya kuivunja ukimaliza mkopo mapema. Itake kwa maandishi.

Mwagizaji_Msa: Ahsanteni sana. Hoteli zitaleta kama dola 30,000 kabla ya siku ya kulipa. Jumatatu naomba fowadi ya 50,000.

Kibaha77: Omba ya 25,000 kwanza, nusu ya pengo lako, kwa mtindo wa mama wa kufunga nusu.