Mtwara: Barua yetu iligongwa muhuri Jumatano, Jumamosi mvinje wenye makinda wa mwewe ukakatwa

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayeona nimevuka mpaka anivumilie.

Nakaa Shangani hapa Mtwara mjini, chumba cha juu, dirisha linaelekea baharini. Hatua chache kutoka dirishani palikuwa na mvinje mkongwe. Nasema palikuwa. Mwishoni mwa Agosti, kusi likiwa bado linavuma, mwewe wawili walianza kubeba vijiti na kuvipanga kwenye panda ya juu, karibu usawa wa macho yangu. Baada ya vijiti yakaja matandiko: tambara la kanga, kipande cha wavu, na karatasi ya mfuko wa salfa, nadhani waliiokota mikoroshoni. Nilicheka peke yangu. Huku kusini hata kiota cha ndege lazima kiwe na habari za korosho.

Tangu siku hiyo chai yangu ya asubuhi nikawa nainywea pale dirishani. Mwewe kwetu anajulikana kwa jambo moja tu, kunyakua vifaranga, na mimi mwenyewe nimekua nikiwarushia mawe. Ila mtazame kwa miezi miwili uone kama utabaki vilevile. Jike alilala juu ya mayai karibu mwezi mzima, dume ndiye akawa mtu wa kuhemea: vichwa vya samaki kutoka kule feri, panya, mijusi. Katikati ya Oktoba vikachomoza vichwa viwili vya manyoya laini, rangi ya chai ya maziwa. Yule mkubwa alikuwa mbabe, anamdonoa mwenzake kichwani mpaka ashibe yeye kwanza. Jua la saa saba likichoma, mama anakunjua mabawa kuwafanyia kivuli, mdomo wazi, anahema, hasogei. Mmewaona kina mama kwenye foleni ya kliniki wanavyowakinga watoto jua kwa kanga? Basi ni hivyohivyo.

Jumanne ya wiki iliyopita natoka kazini nakuta shina limepigwa X nyekundu. Nauliza, naambiwa mti ni hatari, mvua zinakaribia, utaangukia ukuta. Sawa. Upande mmoja wa ule mti ulikuwa umekauka kweli, sikatai, na hatukusema usikatwe. Tulisema mwezi mmoja tu. Kinda wa mwewe hukaa kiotoni wiki sita hadi nane ndipo aruke, na hawa walikuwa na wiki tatu na ushee. Lile tawi kavu wangeweza kulitoa siku ileile, kiota kilikuwa upande wa pili.

Tukaandika barua. Wa kwanza kusaini alikuwa mama jirani, na huyo ndiye pekee kwenye ile nyumba aliyewahi kupoteza kifaranga kwa mwewe hawa hawa. Nilimuuliza, mama, wewe una kesi nao, mbona unasaini? Akanijibu, "Mwanangu, kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Na huyo juu ana watoto." Nikapeleka barua mwenyewe Jumatano kwenye ofisi inayohusika (siitaji, wanajijua). Wakapokea, wakagonga muhuri kwenye nakala yangu, wakanipa lile jibu la siku zote: tutalifanyia kazi.

Wakalifanyia kazi Jumamosi saa moja asubuhi. Siku ambayo ofisi yao yenyewe imefungwa, hakuna wa kumpigia simu. Nimeamshwa na mlio wa mashine. Nashuka na nakala mkononi, msimamizi hata hakuisoma. Akaniambia, "Bro, hao ni ndege wa kupita tu, watahama." Ni kweli mwewe huhama msimu ukifika. Lakini kinda ambaye manyoya ya mkia hayajatimia anahama kwa usafiri gani?

Vijana wa mashine siwalaumu, wametumwa, tena mmoja alisita akasema tupandie tuwatoe kwanza. Akaambiwa muda hakuna. Mvinje ukalala. Yule mkubwa alifia chini ya tawi. Mdogo, yule aliyekuwa akipigwa kila siku, tulimkuta kwenye majani, mzima, anatetemeka, mdomo wazi anatutisha.

Sasa nijibu baadhi ya mlionijia inbox.

Anayesema "ndege tu, watu wana shida": shida zipo, na mimi ninazo. Kusubiri mwezi mmoja kungegharimu shilingi ngapi?

Anayesema wezi wa kuku: kwa zile wiki tatu za kulisha nimeona kifaranga kimoja. Panya niliacha kuhesabu. Hao panya sasa watakula nini? Mahindi yako.

Anayesema haya ni mambo ya wazungu: haya, twende huko huko. Desemba 2004, New York, jengo moja la Fifth Avenue liliondoa kiota cha ndege wa jamii ya mwewe, mkia mwekundu, watu walimpa jina Pale Male. Wananchi walisimama barabarani na mabango kwenye baridi, na kabla ya Krismasi wenye jengo wakarudisha pa kujengea kiota. Na kile kilikuwa kitupu, hakikuwa na yai wala kinda. Chetu kilikuwa na watoto wawili.

Kuna pia aliyenitisha kwamba nitashitakiwa kwa kukaa na mnyamapori. Mkuu, hilo nalijua, ndiyo maana nimeshampigia ofisa wanyamapori, na sina mpango wa kumfuga. Lakini ona ilivyo: mimi niliyemwokota natafutiwa kifungu, aliyeangusha kiota hatafutiwi chochote.

Wanaoshauri chakula: si ugali, si maziwa, wala msimmiminie maji mdomoni, yatamwingia kwenye mapafu. Nampa vipande vya samaki na panya pamoja na mifupa yake laini. Analala chini ya tenga la kuku la yule mama. Ndiyo, mwewe ndani ya tenga la kuku, chekeni tu, hata sisi tulicheka.

NYONGEZA, Jumapili jioni: Fundi wa paa amekuja na ngazi, hakutaka hata nauli. Tumetandika tenga jingine vijiti na nyasi, tukalifunga kwenye mwembe wa jirani, kama hatua thelathini kutoka kisiki kilipo, tukamweka kinda humo. Inasemekana wazazi wakimsikia analia karibu na pale walipomwacha huweza kuendelea kumlisha. Mama yake amekuja saa kumi na moja, amezunguka mara nne, hajatua. Dume sijamwona tangu jana.

Kesho asubuhi naenda na ile nakala. Muhuri ni wa bluu, tarehe inasomeka vizuri kabisa.